Mdimu Katika Chungu: Je, Mapendo Yatosha?



Hapa Minova, kando ya Ziwa Kivu, mdimu hausumbui mtu. Umeota nyuma ya jikoni, mahali mama anapomwaga maji aliyooshea vyombo. Watoto huuchuma, mbuzi hujikuna kwenye shina lake, mvua huunyeshea, nao huzaa. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo joto letu si kali kama la pwani, wala baridi yetu si ya kuua. Ukimwuliza mwenye nyumba, "Mti huu waututunzaje?" atakucheka. Atakujibu, "Mwalimu, mti huu hujitunza wenyewe."

Basi mtu aweza kukaa maisha yake yote karibu na mdimu asiufahamu. Kitu kisichotuomba neno hatukijui. Sisi nasi hatukuujua mdimu mpaka tulipopata habari za mdimu mwingine ulio mbali sana, katika nchi ambayo maji ya mito huwa magumu kama mawe. Habari hizo twataka kuwasimulia, kwa sababu zilituletea swali ambalo si la miti tu. Swali lenyewe ni hili: Ukimpenda aliyewekwa mikononi mwako, je, mapendo hayo yatosha?

Yuko mama mmoja wa kwetu ambaye kijana wake alikimbia vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huko Uganda, kisha akapelekwa Kanada, katika mji wa Winnipeg. Mwezi wa Januari, usiku, baridi ya mji huo mara nyingi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na pengine hupita hapo. Msomaji akumbuke kwamba maji huganda kwenye sifuri, naye apime mwenyewe.

Siku moja kijana huyo alinunua dukani ndimu ya manjano, ile ambayo watu wa pwani huiita limau. Alipokuwa akiikamua juu ya samaki aliona mbegu. Hakuitupa. Aliipanda katika kopo, nayo ikaota. Baadaye akaihamishia katika chungu. Tangu siku hiyo alimpelekea mama yake picha za mti huo kwa simu, na mama alituonyesha baada ya Misa, kama vile wengine wanavyoonyesha picha za mjukuu. Tuliona majani mawili, kisha manne, kisha mti wenye urefu wa mkono na miiba yake.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa tatu mama alikuja kwetu na simu mkononi, lakini hakucheka. Alitusikilizisha sauti ya mwanawe. Kijana alisema hivi: "Mama, mti unakufa. Majani yote yanaanguka. Nimeufanyia kila kitu, nao unakufa tu. Labda nimefanya vibaya kuulazimisha kukaa hapa. Kila kitu kina kwao. Heri niutupe."

Mama alizima simu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, anasema habari za mti. Lakini mimi mama yake nasikia anasema habari zake mwenyewe."

Hatukuwa na jibu. Tulisoma seminarini falsafa na mambo mengine, lakini kutunza mdimu katika theluji hatukufundishwa. Tukaenda kwa mtu mmoja tunayemfahamu aliyesoma kilimo. Yeye hakutupa shauri mara moja. Alitaka kwanza kijana aulizwe mambo matatu: Chungu kimewekwa wapi? Moto wa nyumba unatoka wapi? Na maji anatia mara ngapi?

Majibu yalikuja jioni ile ile. Chungu kiko sakafuni, juu ya saruji, karibu na dirisha. Chombo cha kutia joto nyumbani kiko chini ya dirisha hilo hilo. Na maji? "Kila siku," alijibu kijana. "Nilipoona majani yanaanguka nilijua mti una kiu, nikaongeza."

Yule mtu wa kilimo akatikisa kichwa. "Basi," akasema, "anauua kwa maji."

Alitueleza hivi, nasi twaeleza kwa maneno mepesi. Mdimu na ndugu zake, yaani michungwa, michenza na milimau, ni miti ya nchi zenye joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, miti hiyo huacha kukua. Hulala, ingawa majani yake hubaki mabichi. Katika kundi hilo midimu na milimau ndiyo inayoogopa baridi zaidi. Ikipatwa na baridi ya nyuzi chache tu chini ya sifuri, majani na matawi yake huungua. Kwa hiyo katika nchi kama Kanada hapana budi mti uingizwe nyumbani.

Lakini nyumbani nako mna hatari nyingine. Jua la dirishani na joto la nyumba huyapasha majani, nayo hutaka maji mengi. Huko chini, udongo wa chungu ukiwa juu ya saruji yenye baridi, mizizi imelala. Haiwezi kupandisha maji. Basi jani linaomba, na mzizi hausikii. Mti ukiona hivyo hujipunguzia mzigo, unaangusha majani. Mwenye mti akitazama juu huona kiu, akamwaga maji. Kumbe maji yako tele katika chungu, ila hayanywewi. Hukaa pale, udongo unachacha, mizizi inaoza. Kadiri majani yanavyoanguka ndivyo anavyozidi kumwaga, na kadiri anavyomwaga ndivyo mizizi inavyozidi kuoza.

Tutazame vizuri jambo hili. Kijana huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa na moyo mgumu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliusimamia mti wake akiwa na kikombe cha maji. Hapa kwetu, katika kiangazi cha mwezi wa saba, mmea ukilegea twajua ni kiu, tukiumwagilia, huinuka. Naye alijua hivyo tangu utoto. Mti ulikuwa Winnipeg, yeye akautunza kama uko Minova. Mapendo yalikuwapo, tena mengi. Kilichokosekana ni kuujua mti, na kujua mahali ulipo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha, akimfuata Aristoteli, kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema. Wengi wetu tulilishika fundisho hilo tukatosheka, tukafikiri: kwa kuwa namtakia mema, basi nampenda, na kazi imekwisha. Lakini mwalimu huyo huyo alifundisha pia kwamba fadhila nyingine haziwezi kutenda sawasawa pasipo busara, maana busara ndiyo inayochagua njia. Mema ya nani? Si mema yangu ninayopenda kuyatoa, bali mema yake, yale ambayo asili yake inayahitaji, katika hali aliyo nayo leo. Anayetaka mema bila kutaka kujua mema hayo ni nini, huyo apenda kutoa. Bado hajampenda anayepewa.

Sasa yafaa tulijibu neno la pili la kijana yule, kwamba kila kitu kina kwao, na kwamba labda ni vibaya kukilazimisha kuishi ugenini. Wako watu wasemao hivyo hata juu ya wanadamu, kwa hiyo tusipite haraka.

Twajibu: Kwao mdimu ni wapi? Wataalamu waliochunguza asili ya miti hii walitangaza mwaka 2018 kwamba jamii yote ya michungwa na midimu ilianzia upande wa kusini-mashariki wa milima ya Himalaya, huko Asia. Kwa hiyo hata mdimu wa nyuma ya jikoni, hapa Minova, ni mgeni. Ndizi zetu nazo asili yake ni Asia. Muhogo wetu, ambao bila majani yake hatuli sombe, ulitoka Amerika. Na sambaza je? Nani katika Kivu yote asiyesema kwamba sambaza ni samaki wetu? Lakini wazee wetu hawakuwajua walipokuwa watoto, maana sambaza waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka ya 1958 na 1960. Leo wavuvi huwatafuta usiku kwa taa, na nyumba nyingi zaishi kwa samaki hao.

Basi ugeni si kosa, wala kuhama si kwenda kinyume cha asili. Tofauti ni hii: wako wanaofika mahali panapowapokea penyewe, kama mdimu ulivyopokewa na udongo wetu, tena wako wanaofika mahali ambapo bila mkono wa mtu hawawezi kuishi. Hao wa pili wana haki ya kupata mkono huo, na hasa kutoka kwake aliyewaleta.

Katika Ulaya wakubwa walilifahamu jambo hilo zamani, ingawa walilifanya kwa ajili ya fahari yao. Kati ya miaka ya 1684 na 1686 Ludoviko wa 14, mfalme wa Ufaransa, alijengewa huko Versailles nyumba kubwa kwa ajili ya michungwa yake. Kuta zake ni nene mno na madirisha yake yametazama kusini, ili jua la majira ya baridi liingie na theluji isiingie. Nyumba hiyo ipo hata leo. Miti zaidi ya elfu moja, iliyopandwa katika masanduku makubwa, huingizwa humo mwezi wa Oktoba na kutolewa mwezi wa Mei. Watu wanaoitunza hawaiulizi, "Mbona hamzoei?" Wanajua kwamba mti haukuchagua kuja Ufaransa. Aliyeuhamisha ndiye aliyejifunga kuubeba ndani na nje kila mwaka, na watu waliokuja baada yake wamerithi kazi hiyo.

Hapo ndipo sisi tulipoanza kushtakiwa na dhamiri yetu wenyewe. Tutawaambieni kwa nini.

Wasomaji wa kwetu wanaikumbuka Februari ya mwaka 2024. Vita vilipozidi karibu na Sake, watu wa Masisi walikuja Minova kwa wingi kwa njia ya Shasha na Bweremana, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Kila nyumba ilipokea watu kadiri ilivyoweza. Sisi tulipokea mzee mmoja mkulima, mjane, aliyekuja na mjukuu wake msichana.

Tuliona furaha kumpokea. Tulimpa chumba chetu kizuri na kiti chenye mgongo. Kila alipoinuka tulimwambia, "Baba, keti, pumzika." Siku moja alishika jembe lililoegemezwa ukutani, tulimnyang'anya kwa upole. Tulimwambia, "Baba, wewe ni mgeni wetu, umeteseka vya kutosha." Methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tuliiona kuwa ni neno la wachoyo, na tulijisifu moyoni kwamba sisi hatukuifuata. Chakula chake tulikipakua wenyewe, tena kingi. Wageni walipokuja tulimwomba asimulie habari za kukimbia kwake, tukifikiri kwamba kusimulia kutampunguzia huzuni.

Mzee alianza kunyamaza. Kisha akaanza kuacha chakula. Sisi tulipoona hivyo tulifanya nini? Tuliongeza chakula. Tuliongeza maneno ya faraja. Tuliwaalika watu wengine waje kumtazama.

Baada ya wiki sita alitushukuru kwa heshima kubwa, akamshika mjukuu wake mkono, akaenda kukaa kambini, chini ya turubai, mahali ambapo mvua iliingia. Tulimfuata njiani tukamwuliza kosa letu. Alijibu, "Hamkunikosea, mwanangu. Lakini kwako nilikuwa mgonjwa, nami si mgonjwa. Kule nimepata mtu wa kunigawia shamba nusu kwa nusu. Nitalima." Tulirudi nyumbani tumeudhika. Tukawaambia jirani kwamba watu wengine hawajui kupokea wema.

Ndugu msomaji, miezi mingi tulikaa na neno hilo kinywani. Siku tuliposikia kijana wa Winnipeg akisema, "Niliona majani yanaanguka, nikaongeza maji," ndipo tulipoona haya.

Tena kosa letu lilikuwa kubwa kuliko la kijana. Mti hauna kinywa. Mwenye mti hana budi kusoma majani, na katika kusoma aweza kukosea bila hatia kubwa. Mtu ana kinywa. Mzee yule aliweza kutuambia, na kwa kweli alituambia: aliposhika jembe alikuwa akisema. Sisi tulimnyang'anya neno lake pamoja na jembe. Pia mti ukipandwa katika chungu ni wako. Lakini mgeni si mali ya mwenyeji. Hakupandwa kwetu. Alifika na miguu yake, na akili yake, na kazi aliyoijua kwa miaka 50, na haki yake ya kuondoka. Kumtunza kama mti wa chungu ni kumpunguza, hata kama chungu chenyewe ni kizuri.

Na methali ile ya jembe sasa twaisoma vingine. Mwenye kuitunga pengine hakuwa mchoyo. Pengine alijua kwamba siku ya tatu mgeni mwenyewe huanza kulitafuta jembe kwa macho.

Labda msomaji mmoja atauliza: Basi tuache kusaidia? Kama maji yanaua, tusitie maji? La, hasha! Mti usiotiwa maji katika chungu hufa vilevile, tena upesi. Yuko mtu asemaye, "Nikiwapa watazoea," akafunga mfuko wake; huyo asitumie makala yetu kuwa kisingizio. Sisi hatusemi habari za kupunguza, twasema habari za kipimo. Sikilizeni shauri ambalo yule mtu wa kilimo alimpelekea kijana, maana kila neno lake lina kipimo.

Kwanza: Ondoa chungu juu ya saruji, ukiweke juu ya ubao au meza, ili mizizi isishikwe na baridi. Usikiweke karibu na chombo cha joto, maana hewa kavu hukausha majani na kuleta wadudu wadogo. Mahali pazuri ni chumba chenye mwanga mwingi na ubaridi wa kadiri.

Pili: Usitie maji kwa kuhesabu siku. Tia kidole katika udongo. Ukiona umekauka mpaka kwenye kiungo cha pili, hapo tia maji vizuri mpaka yatoke chini, kisha uyamwage yaliyotoka. Katika majira ya baridi pengine utangoja wiki mbili. Kungoja huko nako ni kazi.

Tatu: Usiuhamishie kwa huruma katika chungu kikubwa mno. Mizizi michache katika udongo mwingi haiwezi kunywa maji yote, na udongo utachacha. Mti upewe chungu kinachoizidi mizizi yake kidogo. Baadaye, ukikua, kingine.

Nne: Theluji ikiisha na usiku ukiwa hauna tena baridi ya kuua, utoe nje. Lakini siku ya kwanza uuweke kivulini kwa saa chache, kesho uzidishe, na hivyo kwa wiki mbili. Mti uliokaa ndani miezi saba ukitupwa ghafula kwenye jua kali, majani yataungua, ingawa jua ni kitu chake cha asili. Hata kitu chema, hata kile ulichokililia, chataka kurudishwa kwako polepole.

Hapo mtu wa kilimo alituambia jambo lililotushangaza. Katika nchi za joto, chungwa laweza kuiva kabisa, tamu, lenye maji, na ganda lake likabaki kijani. Kinachogeuza ganda kuwa la rangi ya dhahabu ni ubaridi wa usiku, si jua. Na ubaridi wa kadiri, usio wa kuua, huusaidia mti kutoa maua. Kwa hiyo anayeufungia mti katika chumba cha moto mwaka mzima, asitake uonje ubaridi hata kidogo, huyo pia anakosea. Sisi hatusemi kwamba mateso ni mazuri. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haitoi maua, inaua. Twasema tu kwamba aliyehamishwa ana nguvu ndani yake, na anayemtunza asimnyang'anye nafasi ya kuzitumia.

Tulikuwa bado tukiyawaza hayo, zamu yetu ikafika. Januari ya mwaka 2025 vita vilifika Minova yenyewe. Sisi tuliozoea kupokea tukachukua watoto na mafurushi, tukakimbilia upande wa kusini, kando ya ziwa. Jioni ya siku ya pili tulibisha mlango wa mama mmoja ambaye hatukumjua. Nyumba yake ilikuwa ndogo. Alitupa maji ya kunawa na ugali. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukumwuliza mzee wetu hata mara moja. Aliuliza, "Ninyi kwenu, saa hizi mngekuwa mnafanya nini?"

Tulijibu kwamba saa hizo tungekuwa tunasali rozari pamoja na watoto, kisha mke wetu angechambua maharage ya kesho. Mama yule akaleta ungo wa maharage, akauweka katikati, akakaa nasi. Tulisali, tukachambua. Usiku ule ndio wa kwanza tuliolala tangu kutoka nyumbani. Alichotupa hakikuwa kingi. Alikuwa ameuliza kwanza.

Tuliporudi Minova tulimtafuta yule mzee tumwombe radhi. Watu wa kambi walikuwa wametawanyika, na mpaka leo hatujamwona. Deni hilo tunalo. Mtu aliyekosea kwa mti aweza kuupandisha juu ya ubao na kuacha kumwaga maji. Aliyekosea kwa mtu pengine hapati nafasi ya kurekebisha, ila kwa mgeni mwingine atakayekuja. Ndiyo sababu tumeandika.

Na mti wa Winnipeg? Kijana alifuata mashauri. Mwezi wa Februari hapakuwa na kitu ila vijiti na miiba. Mwezi wa Machi vilevile. Mama yake alimwambia kwa simu, "Ukwaruze kidogo ganda kwa ukucha, ukiona kijani chini yake, ngoja." Aliona kijani. Akangoja. Mwezi wa Aprili akapeleka picha, na mama akaikuza kwa vidole viwili mpaka tukaona: nukta ndogo, nyekundu-nyekundu, kando ya mwiba. Leo mti una majani tena. Matunda haujatoa. Mdimu uliopandwa kwa mbegu waweza kuchukua miaka mitano, hata kumi, kabla ya kuzaa, na katika chungu na baridi pengine zaidi.

Katika Injili Bwana wetu Yezu alisimulia habari za mtini usiozaa, ambao mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji aliuombea mwaka mmoja. Mara nyingi tumefundisha mfano huo, nasi tulisifu uvumilivu wa mtunzaji. Hatukutazama jambo la pili: hakuomba mwaka mtupu. Alisema kazi atakayoifanya, kupalilia pembeni na kutia samadi, yaani kile ambacho mtini, pale ulipo, ulihitaji. Alikuwa ameutazama mti huo kabla ya kuuombea.

Je, basi, mapendo yatosha? Twajibu: Yatosha, kama ndani yake mna macho na masikio. Yasipokuwa nayo, ni maji katika udongo wa baridi. Leo katika nyumba zetu wako watu waliohamishwa: yatima aliyeletwa na shangazi, mkwe aliyetoka kabila jingine, mzee aliyeteremshwa kutoka milimani kwa watoto wake, mkimbizi wa jana. Wapendeni. Na kabla ya kumwaga kikombe cha leo, tieni kidole katika udongo. Na kwa kuwa wao wana kinywa, waulizeni.

Juzi kijana alimwuliza mama yake kama mdimu wa nyuma ya jikoni bado upo. Mama alikwenda kuutazama, akarudi na picha. Ulikuwa umejaa ndimu, nazo zote za kijani.